Jaribio Lilipojibu Hapana: Mashirika ya Hisani na Uchunguzi wa Saratani ya Ovari

Mwezi Mei mwaka 2021 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha majibu ya mwisho ya jaribio la Uingereza lijulikanalo kwa kifupi kama UKCTOCS. Ni jaribio kubwa kupita yote yaliyowahi kufanywa ili kujua kama saratani ya ovari inaweza kugunduliwa kwa wanawake ambao bado hawajaona dalili yoyote, na kama kuigundua hivyo kunaokoa maisha. Wanawake 202,638 wenye umri wa miaka 50 hadi 74 walijiandikisha kwa hiari kati ya mwaka 2001 na 2005. Robo yao walitoa damu mwaka hadi mwaka, robo nyingine walifanyiwa altrasaundi, na nusu iliyobaki hawakupimwa, ili wawe kundi la kulinganisha. Walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 16. Jibu likawa kwamba ugonjwa ulionekana mapema zaidi, ila vifo havikupungua.

Walioligharimia jaribio hili walikuwa taasisi za serikali, yaani Baraza la Utafiti wa Tiba na Wizara ya Afya, pamoja na mashirika mawili ya hisani: Cancer Research UK, ambalo ni kubwa na linafahamika kila mahali, na The Eve Appeal, ambalo ni dogo na limejifunga kwenye saratani tano za viungo vya uzazi vya mwanamke, yaani za ovari, mji wa mimba, shingo ya kizazi, uke na sehemu ya nje ya uke. Ninalitaja hili la pili kwa makusudi. Shirika kubwa lina tafiti nyingi, na moja ikigonga mwamba zipo nyingine za kuonyesha. Shirika dogo likiweka jina lake kwenye jaribio moja la miaka 20, kisha jaribio hilo likasema hapana, halina pa kujificha mbele ya waliolichangia: binti aliyefiwa na mama yake, dada aliyekimbia mbio za hisani akiwa na picha ya marehemu kifuani. Uchambuzi huu unauliza mashirika ya namna hiyo yafanye nini jibu la hapana linapofika, na yalifanya nini hasa katika kisa hiki.

Matumaini yalikotoka

Hakuna aliyekuwa mjinga kutumaini. Takwimu za Uingereza zinaonyesha kwamba mwanamke anayegunduliwa na saratani ya ovari ikiwa bado katika hatua ya kwanza ana nafasi kubwa sana ya kuwa hai miaka mitano baadaye. Zaidi ya tisa kati ya kumi huwa hai. Ikigunduliwa katika hatua ya nne, wanaofikisha miaka hiyo mitano hawazidi wawili kati ya kumi. Na wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa, kwa kuwa ovari zimefichika ndani kabisa ya nyonga, na uvimbe unaweza kukua bila kugusa kitu kitakachouma. Mwaka 2020 pekee ilikadiriwa kwamba wanawake wapatao 314,000 duniani waligunduliwa na saratani hii, na wapatao 207,000 walikufa kwayo. Mtu akiziweka takwimu hizo pamoja, kaulimbiu inajitunga yenyewe: ikigunduliwa mapema inatibika. Kwa miaka mingi mashirika yaliichapisha kwenye vipeperushi, fulana na mabango ya mwezi Septemba, mwezi wa uhamasishaji wa saratani hii, wenye utepe wa rangi ya samawati ya kijani.

Kipimo cha kuanzia nacho kilikuwapo. Mwaka 1981 Robert Bast na wenzake wa Marekani walieleza kingamwili iliyowezesha kupima protini ya CA125 katika damu, ambayo hupanda kwa wagonjwa wengi wa saratani ya ovari. Tatizo ni kwamba hupanda pia kwa sababu nyingi zisizo na madhara makubwa, mathalani hedhi, uvimbe wa kawaida kwenye mji wa mimba, au tando za mji wa mimba kuota nje ya mahali pake. Tena takriban nusu ya wanawake walio katika hatua ya kwanza ya saratani hiyo huwa CA125 yao haijapanda. Ian Jacobs wa Uingereza na Steven Skates wa Marekani wakaja na wazo ambalo hadi leo ninaliona la busara: mwanamke asilinganishwe na kiwango kimoja cha 35 kinachotumiwa kwa wote, bali alinganishwe na nafsi yake. Kama damu yake kwa miaka yote imekuwa na kiwango cha 10, kisha ikafika 15, kisha 22, hesabu ya kompyuta ishtuke, ingawa bado yuko chini ya 35. Na aliyezoea 40 miaka nenda miaka rudi bila kubadilika aachwe kwa amani.

Basi katika kundi la damu, mwanamke alifika kituoni mara moja kwa mwaka, mkono ukafungwa kamba, chupa ndogo ikajaa, akarudi nyumbani. Hesabu ikisema hatari ni ndogo, alionana nao tena mwaka unaofuata. Ikisema hatari ni ya kati, aliitwa atoe damu tena baada ya miezi michache. Ikisema hatari ni kubwa, alipelekwa kwenye altrasaundi ya kupitia ukeni na kwa daktari bingwa. Katika vituo 13 vya England, Wales na Ireland ya Kaskazini kazi hiyo iliendelea hadi mwisho wa mwaka 2011. Anayedhani utafiti ni maabara na hadubini tu na aufikirie uvumilivu huo, wa maelfu ya wanawake wasioumwa popote kuacha shughuli zao ili jirani wasiyemjua, pengine mjukuu ambaye hajazaliwa, apate jibu.

Majibu, na ugumu wa kuyaelewa

Matokeo ya 2021 yana sehemu mbili ambazo mtu akizisoma haraka ataona zinapingana. Katika kundi la damu, saratani zilizokutwa hatua ya kwanza ziliongezeka kwa asilimia 47 zikilinganishwa na kundi lisilopimwa, na za hatua ya nne zilipungua kwa takriban asilimia 25. Kwa kipimo cha kaulimbiu, huo ni ushindi. Lakini kati ya wanawake wapatao 50,600 wa kundi la damu walikufa 296 kwa saratani ya ovari au ya mirija ya uzazi. Kati ya idadi kama hiyo wa kundi la altrasaundi walikufa 291. Na kati ya wapatao 101,300 wasiopimwa walikufa 619. Ni asilimia 0.6 katika kila kundi. Usha Menon wa chuo kikuu cha University College London (UCL), aliyeliongoza jaribio, alitamka bila kupindisha kwamba hawawezi kupendekeza vipimo hivyo kwa wanawake wote.

Inakuwaje ugonjwa ukamatwe mapema na mtu asipone? Tuwachukue wanawake wawili ambao saratani iliwaanza wakati mmoja, na itawaua wakiwa na miaka 66. Wa kwanza hakupimwa. Tumbo lilipomjaa akiwa na miaka 63 ndipo akaambiwa anaumwa nini. Wa pili alipimwa damu kila mwaka, akaambiwa akiwa na miaka 61. Takwimu zitasema wa kwanza aliishi na saratani miaka mitatu, na wa pili miaka mitano. Katika jedwali la waliofikisha miaka mitano, wa pili ameshinda na wa kwanza ameshindwa, na hali makaburi yao yamechimbwa siku moja. Alichopata wa pili ni miaka miwili zaidi ya kujua, pamoja na upasuaji na tiba ya kemikali vilivyoanza mapema. Hii ndiyo sababu watafiti walihesabu vifo katika makundi yote, wala hawakuhesabu miaka tangu ugonjwa kugunduliwa, na ndiyo sababu kundi lisilopimwa lilikuwa la lazima, ingawa kwa mtazamo wa haraka linaonekana kama watu walionyimwa kitu.

Kwa saratani ya ovari kuna jambo la ziada. Aina yake kali, ambayo ndiyo inayoua wengi, inaelekea kumwaga seli zake ndani ya tumbo mapema mno, kabla CA125 haijapanda kiasi cha kuonekana. Saratani zilizovutwa kutoka hatua ya nne hadi ya kwanza huenda ni zile zilizokuwa na mwendo wa pole, au zilizokwisha kutawanyika bila macho wala altrasaundi kuona.

Kupima kuna gharama yake pia, nayo haionekani kwenye mabango. Kwa kila awamu 10,000 za upimaji, wanawake 14 wa kundi la damu na 50 wa kundi la altrasaundi walipasuliwa na kukutwa hawana saratani. Jaribio la Marekani liitwalo PLCO, lililotoa majibu yake mwaka 2011, lilikuwa na habari nzito zaidi: wanawake 1,080 walioshukiwa kimakosa walipasuliwa, na 163 kati yao walipata angalau tatizo moja kubwa kutokana na upasuaji huo. Wanawake hao hawakuwa wagonjwa. Waliingia chumba cha upasuaji wakiwa wazima kwa sababu ya kipimo kilichokusudiwa kuwalinda.

Majaribu ya mwaka 2015

Sehemu ya kisa hiki ninayoiona ya kujifunzia zaidi haiko mwaka 2021. Iko Desemba 2015, majibu ya awali yalipotoka. Wakati huo kundi la damu lilionekana kuwa na vifo pungufu kwa takriban asilimia 15, lakini tofauti hiyo ilikuwa ndogo kiasi kwamba ingeweza kuwa bahati tu. Uchambuzi mwingine, uliowatoa wanawake waliokuwa na saratani tayari siku waliyoanza kupimwa, ulionyesha asilimia 20. Namba hiyo ya pili ndiyo iliyopendwa na vichwa vya habari. Mtu ambaye ametumaini kwa miaka 15 akipewa asilimia 20 huishika kwa mikono miwili, na sidhani yupo wa kumlaumu.

Watafiti na wafadhili wao walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kutangaza kwamba kazi imekwisha na kuzishinikiza serikali zianze kuwapima wanawake wote. Ya pili ni kukiri kwamba jibu halijaiva na kugharimia miaka mingine ya ufuatiliaji. Jaribio lilifuata njia ya pili. The Eve Appeal na Cancer Research UK waliendelea kuwamo miongoni mwa waliolipia. Ni uamuzi usio na mvuto wowote wa kibiashara. Kuomba michango ya kusubiri, yaani ya kusoma vyeti vya vifo na rekodi za hospitali hadi mwaka 2020, ni kazi ngumu kuliko kuomba michango ya mashine mpya ambayo mfadhili anaweza kupigwa nayo picha.

Wakati huohuo hesabu ileile ya damu ilikwisha kuingizwa sokoni Marekani kama kipimo cha kununuliwa. Septemba 2016 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya nchi hiyo, FDA, ilitoa onyo dhidi ya vipimo vinavyouzwa kwa ajili ya kuchunguza saratani ya ovari kwa wasio na dalili, na kipimo hicho kikaondolewa sokoni. Hofu ya FDA ilistahili kusikilizwa na kila anayeandika vipeperushi: mwanamke mwenye jeni ya kurithi inayomweka katika hatari kubwa anaweza kupata majibu mazuri ya damu, akaridhika, akaahirisha upasuaji wa kinga ambao ungemwokoa. Tumaini lililotangulia ushahidi huweza kumwondolea mtu kinga aliyokuwa nayo mkononi.

Shirika linapobadili kauli

Mwanzoni mwa mwaka 2023 shirika la Marekani la Ovarian Cancer Research Alliance, lililotokana na kuungana kwa mashirika mawili mwaka 2016, moja la utafiti na jingine la utetezi, lilitoa tamko ambalo kwa maoni yangu ndilo kilele cha kisa hiki. Likirejea majibu ya Uingereza, lilisema kwamba kutegemea dalili na ugunduzi wa mapema hakujapunguza vifo kama ilivyotarajiwa, na kwamba msisitizo sasa unapaswa kuhamia kwenye kinga. Lilihimiza mambo mawili: wanawake wajue hatari yao ya kurithi kwa kupima jeni, na wale wasiotaka kuzaa tena, ambao tayari wanafanyiwa upasuaji mwingine wa nyonga, wazungumze na daktari juu ya kuondolewa mirija ya uzazi wakati uleule.

Mirija, wala si ovari: wengi walishtuka. Chimbuko lake ni kazi ya subira ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliyoanzia Uholanzi na kuendelezwa Boston. Wanawake wenye kasoro ya kurithi katika jeni za BRCA1 na BRCA2, inayoongeza sana hatari ya saratani hii, walikuwa wakitolewa ovari na mirija kwa kinga. Zamani mrija ulikatwa kipande kimoja au viwili kwa ajili ya hadubini, ukawekwa kando, kwa kuwa macho yote yalikuwa kwenye ovari. Wanapatholojia wakaanza kuukata mrija wote, hasa ile ncha yake yenye nyuzi laini mfano wa matamvua ya shuka, katika vipande vya unene wa milimita mbili au tatu. Ndani ya matamvua hayo, kwa baadhi ya wanawake ambao ovari zao zilikuwa safi, wakakuta chembechembe za saratani changa. Ugonjwa uliokuwa ukiitwa wa ovari kwa vizazi vingi, katika aina yake kali, mara nyingi huanzia jirani yake.

Baadhi ya watu walilielewa tamko hilo kana kwamba wanawake wote waende kutolewa mirija. Halikusema hivyo. Linamhusu anayefanyiwa upasuaji kwa sababu nyingine, iwe ni kuondoa mji wa mimba au kufunga uzazi, ambaye nyongeza ya dakika chache inaweza kumpunguzia hatari ya baadaye huku ovari zake na homoni zake zikibaki. Mwenye BRCA1, ambaye uwezekano wake wa kupata saratani hii kufikia umri wa miaka 80 unakadiriwa kuwa asilimia 44, au BRCA2, ambaye wake ni asilimia 17, ana ushauri wake tofauti, nao ni kutolewa ovari pamoja na mirija akishamaliza kuzaa, katika umri atakaopangiwa na daktari wake.

Ninalipongeza shirika hilo kwa jambo moja mahususi: lilisema hadharani kwamba ujumbe wake wa zamani haukutosha. Lingeweza kunyamaza na kuongeza aya mpya chini ya kipeperushi kilekile. Kwa wagonjwa, kauli kama hiyo ina uzito ambao walio nje hawauoni haraka. Mwanamke aliyegunduliwa katika hatua ya tatu ameishi miaka akijiuliza kama angekwenda mapema, kama alizipuuza ishara za mwili wake, na kaulimbiu ya miaka yote ilikuwa ikimjibu kimyakimya kwamba ndiyo, ni uzembe wako. Majibu ya jaribio yamemtua mzigo ambao hakustahili kuubeba.

Kinachobaki cha dalili

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema sasa habari za dalili zitupwe. Mwaka 2007 mashirika ya Marekani, likiwamo la Gynecologic Cancer Foundation, yalikubaliana juu ya dalili nne: tumbo kujaa na kuvimba, maumivu ya tumbo au nyonga, kushiba haraka au kushindwa kula, na haja ndogo ya mara kwa mara au ya ghafla. Zikiwa mpya, zikijirudia karibu kila siku kwa wiki kadhaa, daktari aonwe. UKCTOCS haikulipima hilo. Ilipima wanawake wasio na dalili. Mwanamke mwenye dalili ni mgonjwa anayetafuta jina la ugonjwa wake, na ana haki ya kulipata upesi. Utafiti wa ROCkeTS wa Uingereza, uliochapishwa 2024, ulikuta kwamba kati ya wanawake waliopelekwa haraka hospitalini kwa sababu ya dalili na kukutwa na aina kali ya saratani hii, takriban robo walikuwa bado katika hatua ya kwanza au ya pili, na zaidi ya nusu waliweza kuondolewa uvimbe wote unaoonekana. Kufika kwenye meza ya upasuaji ukiwa bado na nguvu za kuhimili tiba si jambo dogo.

Kwa hiyo kipeperushi kiendelee kuzitaja dalili nne, lakini kisiahidi kwamba anayezijua atapona. Kimweleze msomaji kwamba hakuna kipimo cha kuchunguza saratani ya ovari kwa mwanamke asiye na dalili wala hatari ya kurithi, kwamba kipimo cha shingo ya kizazi hakigusi ovari kabisa, jambo ambalo wengi bado wanalichanganya, na kwamba historia ya saratani ya ovari au ya matiti katika familia, upande wa mama na upande wa baba, ni habari ya kumpelekea daktari.

Hatari ninayoiona mbele ni ileile ya zamani ikiwa imevaa nguo mpya. Ushauri wa mirija una mantiki yenye nguvu, na jimbo la British Columbia nchini Kanada, lililoanza kuueneza mwaka 2010, lilitoa takwimu zake mwaka 2022: kati ya wanawake 25,889 waliotolewa mirija wakati wa upasuaji mwingine hakuna aliyekutwa na ile aina kali ya saratani ya ovari, wakati takriban watano walitarajiwa. Ni habari njema, lakini watano ni wachache, na wanawake wale bado wadogo. Aliyetolewa mirija akiwa na miaka 40 ndani ya mwaka 2010 atafika umri ambao ugonjwa huu hupamba moto kuanzia mwaka 2030 hivi. Mpaka hapo lazima awepo mtu wa kuendelea kuhesabu, kufungua rekodi na kulinganisha, na lazima awepo wa kumlipa. Ikiwa mashirika yatachapisha kaulimbiu mpya na kuisahau hesabu hiyo, yatakuwa yamerudi pale yalipokuwa kabla ya wale wanawake 202,638 kunyoosha mikono yao.